Usianze na cha Kwanza

Nambozo, usianze na cha kwanza:
Edisa Namarome alikuwa bado hajajua kuua.
Anza na cha tatu, hiki chenye doa la chai,
pale Daktari Cheptoek anapopiga magoti Bungokho,
katikati ya shamba la vitunguu,
akisugua fuvu kwa mswaki
kama mama anayemwosha mtoto masikio.

Hana bastola. Ana koleo na subira,
ana funza kwenye chupa; anazihesabu siku zao,
nao hawajui kusema uongo.

Nimevisoma vyote saba, umeme ukiwa umekatika,
tochi kinywani, Mbale nzima imelala,
na muuaji simjui hadi ukurasa wa mwisho.
Cha tano tu nilimjua mapema. Tumsamehe Edisa.

Unaniuliza nampendea nini.

Baba tulimzika siku ileile.
Kwenye cheti waliandika homa,
na ile alama ya shingoni
shangazi akaifunika kwa shuka,
nasi tukashukuru kwa shuka.

Cheptoek angeomba taa isogezwe.

Kirudishe Ijumaa. Na usinikunjie kurasa.