Mkia wa Taa

Simjui. Anajiita Mkia wa Taa,
picha yake ni gurudumu la baiskeli,
na kwa majuma matatu, kila nikivua koti la maabara
na kuosha mikono mpaka viwikoni,
yeye ndiye ninayekula naye cha usiku:
simu imeegemea bilauri, wali unapoa.

Tulianzia kwenye chanjo ya mabinti,
ile ya saratani ya mlango wa kizazi.
Nikaandika nilichokiona kwa jicho langu chini ya hadubini,
chembe zilizopindana kama mkeka uliosukwa na mlevi.
Akajibu: "Mnawafunga watoto wetu uzazi."
Nikampa takwimu. Akanipa shangazi yake.
Nikampa utafiti wa miaka kumi na mitano.
Akauliza nani aliulipia.

Swali zuri, nilikiri moyoni.
Moyoni hakuna intaneti.

Tukahamia kwingine, maana ubishi ni maji ya masika,
hauchagui mtaro:
nani aoshe vyombo kama wote mmetoka kazini,
mvua zimebadilika au ni sisi tuliojenga mabondeni,
aliyelala siku ya kura ana haki gani ya kunung'unika kesho yake.
Wakaja washangiliaji, Bibi Karafuu, Kiboko Mpole,
na mmoja aliyeandika "hahaha" kila baada ya dakika tano
kama jogoo aliyekosea saa.
Mume wangu akaniita kutoka chumbani:
"Siwema, huyo mtu anakulipa?"

Jana joto la Februari lilikuwa limekaa juu ya Tabata
kama mgeni asiyeaga.
Feni ilizunguka huku na huku,
mtu anayekataa kila unachosema.
Niliandika "mjinga". Nikafuta.
Nikaliandika tena, kidole kikasita juu ya kutuma,
naye akanitangulia:

"Mama alikufa kwa ugonjwa huohuo, dada.
Walituambia tumechelewa.
Kuchelewa nini? Nani alitupa saa?
Leo mnakuja na sindano, mnataka tu
samahani, transfoma imelipuka hapa"

Na mimi, kabla sijafika mwisho wa sentensi,
nilikuwa nimeshausikia mshindo.
Giza. Kimanga nzima ikasema "Aaaah!"
kwa sauti moja, hoja pekee mwaka huu
iliyopita bila kupingwa.

Transfoma ni nyingi Dar, nikajiambia.
Zote zilipuke dakika moja?

Nikatoka kutafuta mshumaa.
Dukani kwa Mangi foleni haina nyuso,
ni mikono tu inayoingia kwenye mwanga wa tochi ya simu:
mkono wa bangili, mkono wa noti iliyochakaa,
mkono wenye grisi kwenye kucha.
"Pita dada," ukasema ule wa grisi, "mimi sina haraka."
Aliyeshika tochi alikuwa binti mwenye sketi ya shule
saa tatu usiku.

Nilikuwa na hoja kumi na saba, kila moja na ushahidi wake.
Koo likatoa hii:
"Mwanao yuko la ngapi?"
"La tano," akajibu baba.
"Na ninapenda kubishana," akajibu mtoto
bila kuulizwa.
Tukacheka watu wote wa foleni,
tukiwa hatuonani.

Sikumuuliza jina. Naye hakuniuliza.
Huenda siye. Mafundi baiskeli wangapi mtaani,
na grisi haina mwenyewe.

Umeme ulirudi saa nane usiku.
Feni ikaendelea na ukatazi wake.
"Mjinga" bado lilikuwa pale, likinisubiri
kama mbwa aliyefungiwa nje.
Nililifuta herufi moja moja,
nikaandika: "Mama yako aliitwa nani?"

Jibu nililikuta alfajiri, maji ya chai yakichemka:

"Mwanakombo.
Na bado hujaniambia
nani alilipia ule utafiti."