Mafuta Machanga

Sikuuona uso wake. Mimi huletewa vipande:
ndoo ya plastiki, kifuniko cha buluu,
karatasi iliyolowa pembeni:
Mzekala, miaka miwili, tumbo, kutoka Mestia.
Ndani, donge la rangi ya siagi,
kilo moja na robo. Nilipima mara mbili,
maana mtoto mwenyewe, imeandikwa, ana kilo kumi na moja.

Bibi yake alilisifu tumbo hilo kipupwe kizima:
"Huyu anashiba! Jibini la kwetu halimtupi mtu."
Mama ndiye aliyeingiwa na shaka
siku akimwogesha, mbavu zinahesabika
juu ya tumbo lililoumuka kama mkate.

Wakashuka Kutaisi, saa sita za kona na theluji.
Daktari Otia akapapasa, akanyamaza.
Ultrasaundi ikaonyesha kivuli.
Skani ikaonyesha kivuli kilekile, kwa bei kubwa zaidi.
Huenda, waliambiwa. Huenda.
Neno dogo, lakini lina meno.

Otia alinisimulia baadaye, anatafuna amesimama:
"Lilikuwa limeukumbatia utumbo, halikuung'ata.
Nimelibembeleza masaa manne, mshipa kwa mshipa,
hadi likaachia."

Basi nikakata, nikatia rangi, nikainamia hadubini
kumtafuta mbaya. Ndiyo kazi yangu,
kumtafuta hata katika nyumba ya mwema:
kiini kilichochachamaa, seli inayojigawa hovyo.
Nilikesha naye asiyekuwepo.

Niliona mafuta machanga tu,
yamelala vyumba vyumba, yametandikiwa ute,
mengine yameshakomaa, mengine bado,
kama chekechea saa ya usingizi.
Mafuta yaliyosahau kukua, yakazidi kuongezeka.

*Lipoblastoma*, niliandika. *Si saratani.*
Ni la pili kupita mezani kwangu
kwa miaka kumi na tisa.
Kisha nikaongeza mstari usiopendwa na mtu:
*laweza kurudi; apigwe picha kila miezi sita.*
Nikapiga muhuri. Chai yangu ilikuwa imepoa zamani.

Wamesharudi milimani.
Nasikia sweta lilimpwaya hata likaburura,
na bibi, bila kusema neno juu ya jibini,
amelifumua lote, usiku mmoja,
ameanza upya kwa uzi uleule,
anampima mtoto kwa kiganja.