Filimbi ya Kihwele

Mwanzi huu ulinyima ulanzi misimu miwili.
Mkewe akasema ukatwe, uwe kuni.
Yustino akaugonga kwa ukucha, akausikiliza,
akaulaza darini juu ya moshi hadi mvua zikakatika.

Kisu chake kimeliwa na tupa,
kimebaki chembamba kama jani la mchaichai.
Kinachonga mdomo, kinasita, kinachonga tena
kiasi cha ukucha wa kichanga.
“Ukizidisha hapo, inafoka. Ukipunguza, inapumua tu.”

Yeye hapulizi. Meno ya mbele yalimhama zamani.
Humwita Zelida, mtoto wa jirani,
anayekuja na shavu limejaa hindi la kuchoma.
“Meza kwanza.”
Kisha yeye hufumba macho.
Akitikisa kichwa, filimbi inarudi kisuni.
Akinyamaza, imekubali.

Nililipa mia tano,
nikaona haya kungoja chenji.

Leo ukungu wa Kilolo umemeza uwanja wa shule.
Goli silioni, darasa la tatu silioni.
Naitia mdomoni, bado inanuka moshi,
napuliza.

Kule kweupe kunatikisika:
sweta za kijani kwanza,
halafu nyuso.