Huenda

Nilidondoka kutoka juu ya mtundu,
mti, si mtoto, ingawa siku ile
alinifanyia utundu.
Msitu wa Ipole, mwezi wa sita,
mzinga begani, kamba ya kiuno imelegea,
nyuki wakiendelea na shughuli zao.
Kichwa kilitangulia. Shingo ikafuata kwa hasira.

Hakuna mfupa uliovunjika.
Narudia kwa sababu kila mtu alirudia:
hakuna mfupa uliovunjika.
Picha ya eksirei ilikuwa nzuri mno
Kabula akaibandika dirishani, ikawa pazia.

Wiki ya tatu niliamka usiku kwenda kukojoa
nikajikuta sakafuni nimekumbatia ndoo.
Kabula alininusa mdomo, akakuta ni maji.
Shemeji yangu Ndalahwa hakuhitaji kunusa:
"Msimu wa asali ukifika, watu huugua."

Nikilala, moyo ni mgeni mstaarabu,
anabisha hodi, anangoja.
Nikisimama tu, anavunja mlango.
Damu yote inashuka kwenye nyayo,
kichwani unabaki ukungu
kama ule wa alfajiri juu ya bwawa la Igombe.
Na jasho, tazama maajabu,
linatoka upande wa kulia wa uso peke yake;
kushoto ni pakavu kama ngozi ya ngoma,
kope imelegea, mboni imesinyaa.
Shija akaniuliza:
"Baba, hilo jicho dogo huona vitu vidogo?"

Tukaenda Kitete, Tabora mjini.
Daktari alikuwa binti, Wande jina lake,
viatu vyake vina vumbi kama vyangu.
Alinilaza dakika kumi bila kusema neno.
Akapima: sabini.
Akanisimamisha, nimeshika ukingo wa kitanda.
Akapima: mia na ishirini na sita.
Ndipo akauliza swali ambalo
miezi minne hakuna aliyeliuliza:
"Uliwahi kuanguka?"

Akasema mwilini kuna kazi zisizongoja amri,
kubana mishipa unaponyanyuka,
kutoa jasho, kufungua mboni gizani,
na nyaya za kazi hizo, nyingi, hupita shingoni.
"Fikiria stesheni yetu," akasema.
"Hapa ndipo treni ya Kigoma inaachana na ya Mwanza.
Swichi ikipinda kidogo,
hakuna reli iliyokatika,
hakuna behewa lililolala,
ila mzigo wa Kigoma unashushwa Mwanza
na Kigoma wanakaa wanangoja."

"Kwa hiyo ni kule kuanguka?"

Akaweka kalamu chini.
"Huenda."

Nilisafiri kilomita zote za kurudi Sikonge
na neno hilo mfukoni, bila risiti.
Ndalahwa alitaka ndiyo au hapana.
Nikamwambia, huenda.
Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini nimekaa nalo, nimelizoea.
Huenda: ndivyo tunavyosema pia
kwa kitu chenye desturi ya kwenda.
Jua huenda. Treni huenda, hata ikichelewa.
Neno lisilojua linakofika
lakini halijakaa chini.
Wale wa "hakuna mfupa" walikuwa wamekaa.

Sasa ninakunywa maji kabla ya kuamka,
chumvi zaidi kwenye uji, kama alivyoelekeza,
soksi za kubana ambazo Kabula huzivuta
huku akiguna kama anamvisha ng'ombe.
Kisha hatua: kuketi. Kuhesabu hadi mia.
Miguu chini. Kuhesabu tena.
Mizinga yangu kumi na tisa iko juu kule,
anaipanda mtoto wa jirani,
nami sijajua kama nitaipanda tena.

Nyamizi, kitindamimba, ana miezi kumi,
naye yuko kwenye somo hilohilo.
Asubuhi tunasimama pamoja,
yeye ameshika kigoda, mimi kitanda,
Shija katikati yetu anapiga makofi:
"Dede! Simama dede!"
hasemi anamwambia nani.

Leo ameanguka yeye kwanza.
Sicheki. Nahesabu.