Sitashangaa Akija

Sitashangaa, asema Enid Braithwaite,
sitashangaa sana Clive akitokea kabla ya saa kumi na mbili.
Analiambia birika, au paka,
au mimi niliyekuja kuazima ngazi.

Hapa Saltburn neno haliendi barabarani hivi hivi:
huvishwa koti, skafu, glovu,
kisha huambiwa lingoje kwanza karibu na mlango.
"Atakuja" ni neno lililo uchi. Nani atalitoa nje
na upepo huu wa Bahari ya Kaskazini?

Kwa hiyo: ningedhani. Yamkini.
Si jambo lisilowezekana, barabara ikiwa wazi,
ingawa, unajua, yeye na kazi zake.
Mwaka jana pia alisema hatashangaa.
Hakushangaa.
Alikula peke yake, akasema pai haikuwa mbaya.

Lakini itazame mikono.
Mikono haijui labda.
Imepiga pasi foronya za chumba cha juu,
imemenya viazi vya mtu mlaji,
imetoa kabatini kikombe chenye ufa
ambacho mgeni mwingine haruhusiwi kukigusa.

Saa kumi na moja na nusu. Taa za gari
zinapita ukutani, zinapita,
zimepita.
"Pengine si yeye," asema, keshasimama.

Nikamwambia ngazi nitaifuata kesho, huenda,
kama haitakuwa usumbufu,
nikatokea mlango wa nyuma.
Wa mbele una mtu wake.