Unyoya Ndani ya Taa

Niliikuta bandani kwa Vlastimil, nyanda za juu za Vysočina,
Jawa ya hamsini na sita, kuku ametaga juu ya tangi.
Nikainunua kwa magunia manane ya viazi
na saa ya mkononi ya marehemu baba.
Mama alininunia hadi Pasaka.

Miaka miwili ya spana na mafuta ya taa.
Pistoni niliipata Brno, kwa fundi cherehani;
aliitoa wapi, sikuuliza.
Rangi nyekundu nilipaka mara tatu.
Mkwaruzo huu ni wa Ludmila: siku ya arusi
alipanda na gauni lote, pete mpya ikagusa bati.

Huu ni mwaka wa arobaini na moja.
Theluji ikiyeyuka naichanganyia petroli na oili
kwa jicho tu, kama mpishi na chumvi.
Kiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, inakohoa.
Ya tatu anapiga mjukuu, Kryštof,
maana goti langu limekataa.

Wapita njia husema, umeitunza kweli kweli.
Nimetunza nini? Nyaya nimebadili, tairi, klachi, kiti,
hata ile pistoni ya fundi cherehani.
Cha Vlastimil ni fremu tu,
na unyoya wa kuku uliokwama ndani ya taa ya mbele;
kila nikifungua kubadili balbu, nauacha.

Jana tulishuka hadi mto Sázava.
Ludmila nyuma, ananigonga begani: punguza mwendo!
Tulikuwa kwenye thelathini.
Nikapunguza.