Swali la Saba

Karatasi arobaini na tatu. Stima imepotea tangu saa moja,
nasahihisha kwa tochi ya simu
niliyoiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai.
Mvua ya Mukuru inapiga mabati
kama mtu anayemwaga dengu na hajui kuacha.

Swali la saba: Taja sababu tatu
zilizowaleta Wareno pwani ya Afrika Mashariki.
Mwongozo ninao. Umetoka ofisini, una mhuri.
Biashara. Dini. Njia ya kwenda Bara Hindi.
Alama moja kwa kila jibu.

Musyimi kaandika biashara. Imali kaandika biashara.
Otwori kaandika biashara, akafuta, akaandika biashara.
Vyema. Vyema. Vyema.

Kisha Kavata, wa dawati la nyuma,
mwandiko umelalia kushoto kama nyasi zilizokanyagwa:

(a) Walikuwa na karatasi.
(b) Waliona hapa hakuna mtu.
(c) Walikuja na jiwe lao.

Nilicheka. Ndiyo, peke yangu, jikoni, nilicheka,
kisha kicheko kikanikwama kama mwiba wa samaki.

Jiwe nalijua. Mwaka wangu wa kwanza kazini
niliwapeleka watoto Malindi, usiku kucha kwenye basi,
wakatapika hadi Voi.
Nguzo nyeupe, msalaba juu yake,
nami nawasomea kwa sauti ya kitabu: hapa Wareno walisimamisha.
Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, waliomba ruhusa kwa nani?"
Nikamwambia aache kutafuna njugu nikifundisha.

Lakini Kavata hajafika Malindi. Kavata hajavuka Mlolongo.
Jiwe lake ni lile la Oktoba,
la saruji, lenye namba na ncha ya chuma katikati,
walilolikuta asubuhi limepandwa
kati ya choo na kamba ya nguo.
Bwana mwenye koti la mvua akakunjua ramani,
akaitazama, akatutazama, akairudia ramani.
"Kiwanja hiki ni kitupu," akasema,
na mama Kavata amesimama palepale, beseni kichwani,
maji yanamtiririka hadi kidevuni.
Siku ya tatu likaja tingatinga.

Wale wa kwanza walikuja na mizinga, wakaondoka.
Wakatuachia maneno: meza hii ninayoandikia,
bendera tunayoipandisha Jumatatu,
leso niliyojifunga, pera, karata,
na gereza, ambalo kwao, nasikia, lilikuwa kanisa.
Haya huwa nafundisha, watoto hucheka, kengele hulia.
Sikujua kama walituachia na hili:
namna ya kutazama mahali penye watu
ukaona nafasi.

Au labda hawakutuachia. Labda tuliokota wenyewe.
Bwana yule wa koti, kwa lafudhi yake, ni wa kwetu kabisa.

Mwongozo unasema sufuri.
Niliandika tatu, nikakata.
Nikaanza sufuri, mkono ukagoma nusu ya duara,
ikabaki kitu kama sikio.
Nikafuta kwa mate na kidole,
nikaacha kisanduku cha alama kikiwa wazi.

Hapo nikaogopa.
Kesho karatasi hizi zinakwenda kwa mwalimu mkuu,
kisha kwa nani, sijui, naye ameshika nini mkononi.
Nikaandika humo jina lake lote,
Kavata Ndinda Kisilu,
wino mwekundu, herufi zimebanana, zinapandiana,
hadi hapakubaki pa kuweka hata kokoto.

Stima ikarudi. Jokofu la jirani likaguruma.
Zimebaki karatasi kumi na tisa,
na ya juu kabisa imeandikwa biashara.